Kituo cha Mafuta Kando ya Kisima

Msambweni, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanasha,

Salamu tumekwisha kupeana tangu asubuhi, na nyingine tutapeana kesho ukiwa na mkoba begani, kwa hiyo leo niruhusu niingie bila hodi. Mama yako yuko chumbani anakunja nguo zako upya, kwa sababu mara ya kwanza ulizikunja wewe. Amekwisha kukuagiza yote: chakula, mlango, chandarua, nani wa kumzoea na nani wa kumsalimu tu ukapita. Hapo sina la kuongeza.

Kesho unakwenda Kitui kuanza kazi ya mipango ya ardhi. Watu watakuletea maombi. Huyu atataka kugeuza shamba liwe maduka, yule atataka kuinua ghorofa, mwingine kuchimba mawe karibu na shule. Utakwenda kutazama, utaandika maoni yako, kamati itaamua, na jina lako litakuwa kwenye karatasi hizo. Wewe umeisoma kazi hiyo ukiwa upande wa meza wenye kiti. Mimi niliijua nikiwa nimesimama upande wa pili, kofia mkononi. Ndiyo sababu nakuandikia.

Na ipo sababu nyingine. Ulipokuja nyumbani baada ya kumaliza chuo ulikuta uwanja wa mbao na mabati pale chini, kwenye kiwanja ambacho tangu utoto wako tulikuwa tukikiita cha Mwanasha. Uliniuliza, nami nikakujibu, "Tumebadilishana na ami yako," nikavaa viatu nikaenda zangu msikitini. Hukuuliza tena. Una adabu, lakini macho yako niliyaona. Leo nakujibu sawasawa. Sikuombi radhi, maana ningerudishwa pale ningefanya vilevile. Nakueleza tu, kwa kuwa kilikuwa chako na unastahili kujua kilikwenda wapi na kwa nini.

Ulikuwa Nairobi mambo haya yalipotokea, na kwenye simu tulikupa vipande vipande. Unajua jinsi shamba la babu yako lilivyogawanywa: Bakari, mdogo wangu, alipata sehemu ya juu, inayogusa barabara kuu ya kwenda Lunga Lunga. Mimi nilipata sehemu ya chini, kwenye barabara inayoshuka kuelekea baharini. Katikati ndipo penye kisima. Hicho sikuelezi, uliteka maji pale kabla hujajua kusoma. Mfereji wa maji unakuja siku unayotaka, lakini kisima kile hakijawahi kutuangusha, na maji yake ni matamu ilhali visima vya chini yake vyote vina chumvi.

Siku moja nilikuwa nikirudi kutoka barabarani na gunia langu la mkaa. Nikaona kigingi kipya katikati ya majani ya shamba la Bakari, na juu yake kibao. Kilikuwa kimeutazama mnazi badala ya kuitazama barabara. Nikaweka gunia chini, nikaingia kwenye majani, nikazunguka, nikakisoma. Ombi la kubadilisha matumizi ya ardhi, kutoka kilimo kuwa kituo cha mafuta. Mwenye pingamizi aiandikie ofisi ya kaunti kabla ya muda uliotajwa kwisha. Muda wenyewe ulikuwa umekwisha kuliwa nusu.

Tanki za mafuta hufukiwa ardhini, hilo kila mtu analijua, na ardhi yetu ni jiwe la matumbawe, lina matundu kama mkate wa mofa. Nikatazama pale kilipo kibao, nikatazama pale kilipo kisima. Watoto wangeweza kutupiana jiwe kutoka huku hadi huku.

Nikaanza siku ileile. Nilikwenda kwa Mzee Salim, nikaenda kwa majirani wengine, nikaenda hata kwa yule fundi wa baiskeli ambaye hatuivi chungu kimoja. Wote niliwaambia: njooni tuandike pingamizi. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilipita mbele ya mlango wa Bakari mara kadhaa, kwenda na kurudi, na sikuingia. Nilijiambia kwamba nitamwona watu wakishakuwa wengi, kwamba kwanza nijipange. Ukweli ni kwamba nilimwogopa mdogo wangu mwenyewe.

Alinijia yeye, baada ya sala ya Ijumaa. Mama yako alikuwa akileta sinia la chakula.

"Asalaam aleikum, kaka."

"Waaleikum salaam. Karibu, kaa."

"Sikuja kukaa. Nimesikia msikitini kwamba unakusanya sahihi dhidi yangu."

"Si dhidi yako, Bakari. Ni dhidi ya kituo."

"Na kituo kiko kwenye shamba la nani?"

Nikageuka kulitazama sinia.

"Ungekuja kwangu," akasema. "Milango yetu inatazamana. Umezunguka mtaa mzima, kwangu hukufika."

"Nilidhani utakasirika."

"Na sasa?"

Nikamwambia kisima ni cha watu wote, na hakuna anayemkataza kuuza, ila auze kwa shughuli nyingine. Aliniacha nikamaliza. Kisha akasema kwa sauti ya chini, akiwa ameutazama ukuta:

"Mejumaa ana uvimbe kwenye titi. Kule Mombasa wamesema matibabu yaanze sasa, na ni marefu. Sina kitu kingine ambacho mtu anakitaka isipokuwa lile shamba, na aliyelitaka ni huyo wa mafuta. Ulikuwa unataka kujua kwa nini nauza? Ungeniuliza."

Akatoka. Mama yako alikuwa bado ameshika sinia. Mke wake, shemeji yangu, mtu anayeniandalia uji kila mwezi wa Ramadhani, alikuwa mgonjwa ng'ambo ya ua, nami sikujua, kwa kuwa nilikuwa kazini kuokoa kijiji.

Tulikaa na mama yako jioni ile tukizungumza. Nilitaka kuacha. Nilimwambia nitakwenda kwa watu niwaambie kila mtu aandike kwa jina lake, mimi simo. Mama yako, unamjua, hakunitazama. Alisema, "Ukiacha, maji yatakuwa salama?" Nikasema hayatakuwa. "Basi ugonjwa wa Mejumaa ni jambo moja na maji ni jingine. Usilifiche moja nyuma ya jingine. Yabebe yote mawili." Nimeyabeba hivyo tangu siku ile, na ni mazito, lakini yanabebeka.

Kikao cha kwanza cha wananchi kilifanyika shuleni. Wakala wa kampuni alikuja na gari safi na maji ya chupa. Alikuwa kijana wa bara, mchangamfu, mwenye maneno. "Wazee wangu, hii kitu itasaidia kila mtu hapa," akasema. "Vijana watapata kazi, usiku kutakuwa na taa, hata mama wa viazi atauza." Watu wakapiga makofi. Kijana mmoja wa mtaa wetu, mtoto wa rafiki yangu, akasimama akanielekea mimi.

"Mzee, wewe ulipata kazi yako ya upishi kule hoteli za Diani. Ukafanya, ukasomesha, ukastaafu. Sisi hoteli zinatuita msimu mmoja na kutufukuza unaofuata. Unatuzuilia nini?"

Lilikuwa swali la haki. Lilistahili jibu, nami nilikuwa sina, basi nikapiga kelele. Nilisema wote wamenunuliwa. Nilisema hata bibi yule aliyetumwa kutoka ofisi ya mipango amenunuliwa, kwa sababu gani amekaa karibu na wakala? Alikaa pale kwa kuwa ndipo palipokuwa na kiti. Nilimwambia maneno hayo mwanamke ambaye sikuwahi kumwona kabla ya asubuhi ile.

Aliitwa Bi. Umazi. Mwembamba, viatu vimejaa vumbi, umri wa dada yako mkubwa. Alisimama, ukumbi wote ukasubiri atanijibu vipi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikasema, maana ulimi ulikwisha kujibu kabla sijaamua.

"Hasira yako nimeisikia. Sasa nipe sababu, niiandike. Hasira siwezi kuipeleka mbele ya kamati. Sababu naweza."

Sikuwa nazo. Nilikuwa na hofu na jiwe lenye matundu, basi. Nikakaa chini. Mwanangu, utakutana na wazee kama mimi. Watakuja wamevaa kanzu zao nzuri na watakutukana, kwa sababu wanajua kitu na hawajui kukisema, au wanaogopa kitu na hawataki kionekane. Ukiwajibu kwa tusi utakuwa na haki, ila hutajua kamwe walichokuja nacho. Bi. Umazi alinipa nafasi ya kurudi. Nilirudi. Tuliandika pingamizi upya mimi na mama yako, safari hii bila kumtaja mtu: kisima kiko wapi, nani wanateka, wakati wa kiangazi wanakuja kutoka wapi, mfereji unakatika mara ngapi. Liliandikika. Hata mimi nilishangaa jinsi linavyosomeka vizuri bila matusi.

Kisha alikuja kukagua. Wakala alitaka kumchukua kwa gari lake, yeye akaja peke yake mapema zaidi na akaenda moja kwa moja kisimani. Sikuwapo. Haya amenisimulia mama yako, ambaye alikuwa kwenye foleni na ndoo zake.

Bi. Umazi alisalimia, akaomba maji, akanywa. Akawauliza wanawake mambo ambayo hakuna mwanamume wa kijiji hiki amewahi kuyauliza. Maji hubadilika lini? Yana ladha gani bahari ikijaa? Mvua ikinyesha upande gani ndipo yanapochafuka? Wengine walikuwa wakitazamana tu. Aliyejibu alikuwa mwanamke aliyekuwa mbele kabisa, amejifunga leso mbili kwa kuwa siku zile alikuwa akisikia baridi hata juani.

"Mvua ikinyesha sana, maji ya udongo hutuama pale juu barabarani, kwenye shamba lile," akasema, akanyoosha kidole. "Baada ya siku kadhaa udongo uleule tunauona humu ndani ya ndoo. Mwekundu. Huku chini kwetu udongo si mwekundu."

Bi. Umazi akaandika. Kisha akamwuliza, "Wewe ni wa nyumba gani, bibi?"

"Nyumba ya mwenye shamba."

Kalamu ikasimama. "Unajua ninachokiandika hapa?"

"Najua," akasema Mejumaa. "Umeniuliza habari ya maji, nimekujibu habari ya maji."

Akajitwika ndoo yake akaondoka. Mama yako alimfuata kumpokea, akakataa. Wakatembea pamoja mpaka mlangoni. Mimi nimezeeka, nimewapikia mawaziri na mabwana wa kila rangi, na sijaona ujasiri kama ule. Ulikuwa uhai wake ule uliokuwa ukiuzwa pale juu. Angeweza kunyamaza tu, na hakuna ambaye angejua.

Jioni Bi. Umazi alipita kwetu kuaga. Nikamwomba radhi kwa yale ya shuleni. Akacheka kidogo. Akasema amezaliwa Mackinnon Road, ambako mama yake alikuwa akisubiri lori la maji kama watu wengine wanavyosubiri mgeni kutoka Maka. "Kwa hiyo usidhani mzee kwamba sijui kisima ni nini," akasema. "Lakini usidhani pia kwamba nimekwisha kuamua. Kampuni nayo ina haki ya kusikilizwa." Jibu hilo halikunifurahisha wakati ule. Leo ningetaka liwe kinywani mwako.

Siku ya kamati tulikwenda Kwale. Bakari alikaa upande wa wakala, amevaa kanzu yake ya Idi. Wakala alieleza kwamba tanki za siku hizi zina kuta mbili na kengele ya kuonya. Alieleza vizuri, na sidhani alisema uongo. Mzee mmoja wa kamati akamwuliza, kengele ikilia, mafuta yaliyokwisha kutoka yanarudishwaje? Wakala akasema kuna utaratibu. Akaulizwa utaratibu gani. Akasema atauleta.

Zamu yangu ilipofika nilikuwa na karatasi mkononi, lakini sikuisoma kwanza. Niliwaambia, "Mwenye shamba ni mdogo wangu wa tumbo moja. Hauzi kwa tamaa. Ana dharura nyumbani kwake ambayo ni ya kweli, nami niliijua kwa kuchelewa kwa sababu sikwenda kumwuliza. Nataka hilo lijulikane kabla sijasema la kisima." Nilidhani maneno hayo yatamtuliza. Nilimtazama, nikaona ameinamisha kichwa, anavutavuta ukingo wa kanzu yake. Nilikuwa nimeitangaza shida yake mbele ya wageni ili mimi nionekane ndugu mwema. Hapo ndipo alipoacha kusema nami.

Nikasoma pingamizi langu nikakaa.

Ombi lilikataliwa. Uamuzi ulikuja umeandikwa na sababu zake, la udongo mwekundu likiwamo, bila jina la aliyelisema. Kampuni haikukata rufaa. Ilikwenda kutafuta mahali pengine, na sasa kituo chao kiko njiani kuelekea Ukunda. Nikipita pale naona vijana wamevaa fulana mpya wanatia mafuta, nami siwezi kusema si kizuri. Yule kijana aliyeniuliza swali shuleni bado ananisalimu nusu nusu. Ana haki. Sijapata jibu lake hadi leo, na nimeacha kujifanya ninalo.

Watu walinishika mkono. Walitaka kuchinja mbuzi, nikawakataza. Ng'ambo ya ua mlango ulikuwa umefungwa.

Kisha lilitokea jambo ambalo nataka ulisome polepole. Bi. Umazi alirudi. Hakuja kwangu, mimi niliyeshinda, wala hakuja kisimani. Alikwenda kwa Bakari. Barua ilikuwa imekwisha kufika, hakuwa na lazima. Mimi nilikuwa barazani nikichambua mchele, nikaona yote.

Bakari alitoka, akasimama mlangoni, hakumkaribisha. Bi. Umazi akamwamkia. Akamweleza akiwa amesimama juani: kwa nini ombi lilikataliwa, kwamba ana haki ya kukata rufaa na aipeleke wapi, na mwisho wake ni lini. Akamweleza nini kinaweza kuruhusiwa pale na nini hakiwezi. Bakari alimuuliza kwa ukali, "Sasa mke wangu nimtibu kwa hizo sababu zako?" Sauti ilifika mpaka kwangu.

Akajibu, "Sina jibu la hilo, mzee. Nimekuja ili usiseme niliandika kisha nikajificha."

Alisimama pale mpaka Bakari alipoingia ndani. Kisha akageuka akaenda zake.

Chuoni walikufundisha kusoma ramani, na nafurahi. Lakini kuna siku utaandika neno moja, la haki kabisa, na mtu atarudi nyumbani akiwa hana nyumba aliyoitaka, au biashara, au dawa. Itakuwa rahisi sana kumwachia tarishi ampelekee. Nenda mwenyewe, Mwanasha. Nenda hata kama hutapewa kiti.

Nilimkimbilia njiani. Nikamwuliza, kile kiwanja changu cha chini, je, mtu akitaka kukifanyia biashara? Akasimama akafikiri. Akasema kile kiko chini ya kisima, na maji hayapandi. Duka, au uwanja wa mbao, ombi lake lingetazamwa kwa jicho jingine. "Siahidi," akasema, "lakini lingetazamwa."

Nikarudi nikamwambia mama yako.

"Kile ni cha Mwanasha," akasema.

"Mwanasha ana afya na yuko karibu kumaliza chuo. Mejumaa hana muda."

"Sijakataa. Nasema ni cha Mwanasha. Basi utamwambia mwenyewe, kwa kinywa chako. Usinitume mimi."

Umeona ilivyonichukua. Hata sasa si kwa kinywa, ni kwa kalamu.

Tulikwenda pamoja kwa Bakari. Mejumaa alitupokea, kilemba kichwani kwa kuwa nywele zilikuwa zimeanza kutoka. Walikuwa wameanza matibabu kwa kukopa huku na huku. Bakari alikuwa nyuma ya pazia, tulisikia akikohoa. Mejumaa akasema, "Anasikia, shemeji. Sema tu."

Nikasema na pazia. "Bakari, tubadilishane. Wewe chukua kiwanja cha chini, mimi nichukue lile la juu. Lako halijengeki kituo, changu kinaweza kukodishwa kesho. Sikuletei zawadi. Nataka lile la juu libaki shamba, na njia pekee ya kulilinda bila kukuumiza ni liwe langu."

Jogoo wao alipita katikati yetu akatoka nje. Mwishowe sauti ikatoka nyuma ya pazia, ikimwelekea Mejumaa:

"Mwambie lini."

Tulikwenda mashahidi wakiwapo, tukapitia bodi ya ardhi, tukatia sahihi, katika gari moja kwenda na kurudi, na mdogo wangu hakunisemesha. Bakari alipata mfanyabiashara wa mbao wa kukikodi kiwanja; ombi la uwanja wake liliwekewa kibao, nami nilihakikisha kimeitazama barabara. Likapita, kwa masharti. Mwenye mbao akalipa kodi ya mbele, Mejumaa akaendelea na matibabu. Leo unamwona anavyotembea. Nywele zimeota, zimekuja na mvi, mwenyewe anasema zimempendeza. Daktari bado anataka kumwona kila baada ya muda, na kila mara mama yako anakwenda naye.

Na kiwanja chako kina mbao za watu. Ndilo jibu.

Usinielewe vibaya ukadhani nakuagiza ukatae kila mwenye kutaka kujenga. Wajengao ndio wanaoajiri, na kijana wa shuleni alisema kweli. Kubali panapofaa, tena bila kumzungusha mtu. Ninachokutaka ni hiki: usiamue ukiwa umekaa. Nenda mahali penyewe, uulize anayebeba maji, anayechunga mbuzi, mgonjwa, na hata mwenye shamba, hasa mwenye shamba, mwulize kwa nini. Mimi sikumwuliza, na imenigharimu sauti ya ndugu yangu. Watakaokuja na bahasha watakuja, sitakufundisha la kuwajibu, unalijua. Wa kuogopwa zaidi ni wale watakaokusifu. Walinisifu mimi pia, wiki ile nilipokuwa nimekosea zaidi.

Nilikuwa nimefika hapa nikitaka kufunga barua, nikasikia kandambili uani. Nikainua kichwa. Bakari.

Alisimama pale ufagio wa mama yako ulipoishia, hakukanyaga palipofagiliwa. Akamsalimia mama yako, aliyekuwa ametokea mlangoni na nguo zako mkononi. Akauliza unaondoka saa ngapi. Mama yako akamwambia. Akasema mwenye mbao atamwazima pikapu lake kesho asubuhi, atakupeleka mpaka Ukunda ukapande basi la Mombasa. Halafu akageuza uso, akatazama mahali fulani kati yangu na nguzo ya baraza.

"Sanduku lake ni zito?"

"Zito," nikasema. "Ameweka vitabu vyote."

"Basi nitakuja mapema."

Akaondoka. Mama yako amekaa chini pale mlangoni, nguo zako mapajani.

Nilikuwa nimepanga kukusindikiza kesho. Sitakusindikiza. Tutaagana hapa uani, na mtakwenda wawili. Ukiwa naye njiani usinitetee, wala usimwombe anisamehe, na barua hii usimtajie. Mwulize juu ya lile shamba la juu, kabla ya mafuta, kabla ya ugonjwa, alikuwa na ndoto ya kulifanyia nini. Nina hakika hakuna aliyewahi kumwuliza. Kisha nyamaza, hata kama atachelewa kujibu, hata kama mtafika Ukunda hajafungua mdomo. Msikilize mpaka mwisho.

Hiyo ndiyo kazi yako ya kwanza, afisa. Anza nayo.

Baba yako,
Hamisi